Iliandikiwa Chumba cha Kupigia Pasi

Carolyne Mutie aliisifu hadithi ile kwa siku tisa. Sisemi kwa kukisia. Maneno aliyaandika mwenyewe kwenye kundi letu la WhatsApp, na watu mia mbili na kumi na mmoja waliyasoma. Siku ya kwanza alisema amelia. Siku ya tatu akasema huyu Awiti, awe nani awe nani, ni hazina. Siku ya tano akaisambaza kwa akina mama wa kanisani kwake. Siku ya tisa akagundua kwamba Awiti ndiye anayempikia, anayemfulia nguo na kumbembeleza mwanawe alale mchana. Siku ya kumi akataka hadithi iondolewe.

Basi naomba mnisaidie. Kati ya siku ya tisa na ya kumi, hadithi ilibadilika neno gani?

Jarida letu linaitwa Mafiga. Ni la hadithi za Kiswahili, liko mtandaoni, halina ofisi, halina mfadhili, na mafiga yenyewe ni matatu tu. La kwanza ni mimi, Mukonyo, ambaye mchana ni karani kwa mawakili pale mjini, ghorofa ya nne juu ya duka la viatu. La pili ni Were, mwalimu wa Kiswahili anayeiendesha tovuti. La tatu ni Ivyne, anayeuza dawa Adams Arcade na ambaye hajawahi kuacha koma mbaya ipite salama. Kila mwezi tunatoa hadithi nne, na huu ni mwaka wa sita. Watu huniuliza tunapata nini. Nikiwajibu kwamba tunapata hadithi, hungoja nimalize sentensi.

Tuna sheria mbili na zote nilizitunga mimi, kwa hiyo lawama zake nazo ni zangu. Ya kwanza, hadithi husomwa bila jina. Ivyne huipokea, hufuta jina la mwandishi, huipa nambari ya mwezi huo, kisha wasomaji wanne hupiga kura kwenye fomu ya mtandaoni: ndiyo au hapana, na kwa nini. Watatu ni sisi. Wa nne, kwa zamu, ni mmoja wa wale tuliowachapisha mwezi uliopita, maana ukila kwetu lazima uoshe sahani. Ndiyo tatu zinatosha. Zikiwa mbili kwa mbili, hadithi inarudi kwa mwenyewe pamoja na maoni ya wasomaji, bila majina yao.

Sheria ya pili ndiyo iliyoniponza. Kila hadithi yetu huishia na mstari mmoja mdogo wa kusema iliandikiwa wapi. Nilichoka na wasifu wa waandishi, huyu ana shahada, yule ana tuzo, mwingine anaishi na paka wake Kilimani. Nilitaka msomaji aone kwamba hadithi huandikwa mahali popote mtu anapopata nafasi ya kukaa. Tumewahi kuwa na iliyoandikiwa kwenye foleni ya pasipoti, na nyingine kitanda nambari kumi na nne, wodi ya wanaume. Huo mstari niliupenda kama mwanangu. Wasomaji nao waliupenda, na sifa zikanipanda kichwani.

Sasa Carolyne. Ni mwanamke wa Lavington, kwao Machakos kama kwetu, mwenye nyumba kubwa nyuma ya ukuta mrefu na moyo wa kusaidia kila kitu kinachopigwa picha. Miaka miwili mfululizo alitupa bustani yake kwa mkutano wetu wa Desemba, wa waandishi na wasomaji. Viti alitoa, chai alitoa, na sisi watu wa kukutana chini ya ngazi za majengo tulijiona tumefika. Yeye pia huandika. Mara tatu alileta hadithi, mara tatu zikasomwa bila jina, na mara tatu zikarudi. Ukimtoa Ivyne, wasomaji hawakujua ni zake. Mimi nilijua baadaye tu, nilipokuwa nikiandika barua za kurudisha, na kila mara nilishukuru Mungu kwamba kuna sheria ya kujificha nyuma yake.

Na kwenye mikutano hiyo ya Desemba kulikuwa na mwanamke aliyezunguka na birika. Alitumiminia chai, akatupa mandazi, akasimama karibu na mlango wa jikoni wakati hadithi zikisomwa. Tulikuwa waandishi arobaini pale, watu wa kujisifu kwamba tunaona binadamu. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza jina. Mimi nilimuuliza kama sukari ipo.

Jina lake ni Peres. Karatasi yetu yenye anwani ya kutuma hadithi aliiokota kwenye nyasi tulipokwisha kuondoka, akaikunja, akaiweka. Haya aliniambia baadaye. Wakati hadithi yake inafika, kwetu ilikuwa nambari kumi na mbili tu.

Ilikuwa hadithi ya mwanamke wa Ugenya ambaye mumewe alikwenda mjini akapotelea huko. Kila jioni mwanamke huyo huenda kwa jirani kusikiliza matangazo ya vifo redioni. Hamwombei mumewe kifo. Anataka tu kulisikia jina lake mahali. Miaka kumi na minne anasikiliza wafu wa watu wengine, mpaka anajua wajane wao, wakwe zao na njia za kufika makwao, na mwisho kijiji kizima kinamwendea yeye kuuliza nani alizikwa lini. Niliisoma kazini saa ya chakula, na chapati yangu ikapoa mbele yangu. Were alipiga ndiyo kwa herufi kubwa. Ivyne alisahihisha koma mbili pekee, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nimjue.

Ivyne alipofunua jina, tukaona mwandishi anataka kuitwa Awiti, jina la bibi yake. Kila kitu alikuwa amejaza isipokuwa ule mstari. Mstari wangu! Nikampigia simu.

"Madam, hiyo nimeacha tu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni lazima?"

"Ni lazima," nikasema. Haikuwa lazima. "Uliandikia wapi?"

"Kazini."

"Kazini wapi?"

"Huku Lavington. Kwa chumba ya kupiga pasi. Mtoto akilala mchana naandika kwa simu."

Mwili ulinisisimka. Mtu mwenye akili angesema asante, akakata simu, akaandika "Nairobi". Lakini mimi ni mhariri, na mhariri akinusa kitu kizuri hawezi kukaa kimya. Nikamwambia inapendeza sana, ila inakosa kitu kimoja cha kusikika. Hapo alipokuwa akiandika, alikuwa anasikia nini?

Akacheka kidogo. "Mbwa ya jirani, Madam. Inaitwa Kaiser. Hiyo mbwa haichoki."

"Weka hiyo."

"Hiyo ya mbwa?"

"Hiyo hasa."

Alinyamaza. Siku hizi naufikiria sana ule unyamavu. Ulikuwa unyamavu wa mtu anayepima kukataa, na mtu aliyezoea kutumwa huwa hana mazoezi mengi ya kukataa. Mwishowe akasema sawa. Ikatoka hivi: Iliandikiwa chumba cha kupigia pasi, Lavington, mtoto akiwa amelala na Kaiser, mbwa wa jirani, akibweka. Nikajipongeza.

Kina Kaiser wangapi wanabweka Lavington? Sikujiuliza. Wala sikujua Peres ni wa nyumba ya Carolyne. Carolyne naye aliisoma hadithi asifike kwenye ule mstari, kwa sababu machozi yalimzidi, au kwa sababu si mtu wa kusoma maandishi madogo. Ni mama mmoja wa kanisani, jirani yake, aliyemuuliza kwa wema tu: "Kaiser si ni yule mbwa wa hapo ng'ambo ya ukuta wenu?"

Jumapili iliyofuata, siku yake ya mapumziko, Peres aliomba tuonane. Tulikutana Dagoretti Corner, kwenye hoteli ndogo ya chai nyuma ya stendi. Nilipomwona akiingia nilimtambua mara moja, yule wa birika, na haya ikanishika hata nikasimama kumsalimia kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Alikaa, akakunja leso kwenye mapaja, akanieleza bila kupandisha sauti.

"Madam Carolyne hakupiga kelele. Alinikalisha kwa sofa. Miaka minne sijawahi kukaa kwa hiyo sofa, nikajua leo nimeisha."

"Alisemaje?"

"Alisema naandika na time yake. Stima ni yake, Wi-Fi ni yake, hata chumba ya pasi ni yake. Alisema nimemfanya mjinga mbele ya kanisa. Mwezi ukiisha kama hadithi bado iko, niende nyumbani."

"Mjinga kwa nini? Hadithi haimtaji hata mara moja!"

"Hiyo ndiyo alikuwa ananiuliza," Peres akasema. "Aliisoma tena yote akijitafuta. Hakujipata."

Nilicheka, na papo hapo hasira ikanipanda. Nilisema mengi pale mezani. Nilisema mtoto akilala mchana wakati ule ni wa nani? Mbona mwanawe akitazama katuni haambiwi Wi-Fi ni ya mama yake? Nilisema nitaandika Facebook leo hii, na jina nitataja, na picha ya bustani nitaweka, nchi nzima imjue huyu mpenda fasihi. Mwenye hoteli aligeuka kututazama. Peres alingoja nimalize, kama alivyozoea kungoja watu wamalize.

"Toeni tu hadithi mtandaoni, Dada," akasema.

"Peres!"

"Mtoto wangu yuko Grade Nine huko kwa mamangu. Toeni."

"Hiyo ni hadithi bora tuliyopata mwaka huu mzima. Tukiiondoa, atakuwa ameshinda."

"Dada Mukonyo," alisema polepole, "hasira yako iko na nyumba ya kurudi jioni. Yangu inalala kwa Madam."

Nikakisogeza kikombe kando. Chai yangu ilikuwa haijaguswa. Nilimwomba siku chache tu, niende kwanza nikaongee na Carolyne mtu kwa mtu, Mkamba kwa Mkamba. Alikubali kwa kichwa, bila kuniamini sana.

Nilikutana na wenzangu kesho yake Adams Arcade, Ivyne alipotoka zamu. Were alikuwa na maoni ya mtu mpole, ambayo ndiyo huniudhi kuliko yote. Alisema mwandishi mwenyewe amesema iondolewe, basi iondolewe polepole bila makelele, na Desemba ikifika bustani bado tutaihitaji.

"Desemba?" Ivyne akamkazia macho. "Mwalimu, utaenda kukaa kwa hiyo nyasi unywe chai ya nani? Nani atakuwa ameishika hiyo birika?"

Nilimpenda Ivyne siku ile kama binti yangu.

Basi nikaenda Lavington nikiwa nimejaa hoja hadi kooni. Mlinzi aliandika jina langu na nambari ya kitambulisho, akapiga simu ndani, akanifungulia. Carolyne alinipokea kwa kunikumbatia. Alikuwa na harufu nzuri, zulia lake lilimeza miguu yangu, na kabla sijafungua mdomo alikuwa amekwisha kuniuliza habari za mama yangu kwa Kikamba. Ni vigumu kumgombeza mtu anayemjulia mama yako hali.

"Mimi sina shida na yeye kuandika," akaanza, tulipokaa. "Mimi ni mtu wa arts, unanijua. Shida ni heshima. Angeniambia."

"Angekuambia, ungemruhusu?"

"Ningemsaidia! Ningemsomea kwanza, nimrekebishie. Si ni mimi namjua?"

"Kwani hadithi ilikuwa na kosa gani la kurekebishwa? Wewe mwenyewe ulilia."

Mlango ukafunguka, Peres akaingia na trei. Peres alimimina chai, akaweka kikombe mbele yangu, akasema "Karibu, Madam" kama mtu asiyenijua, akatoka. Nami, mtu wa midomo mikubwa ya Dagoretti Corner, nilisema "Asante" kama mgeni yeyote. Carolyne alingoja mlango ufungwe, kisha akainama kunielekea, na macho yake yalikuwa na maji.

"Mara tatu mmenikataa, Mukonyo. Mara tatu. Nimeenda warsha, nimelipa mwalimu, naamka mapema kuandika. Halafu mtu wangu wa jikoni, mara moja tu, na simu iliyopasuka kioo." Akapangusa jicho kwa kidole. "Unajua vile nilijisikia?"

Kwa dakika moja nilimwonea huruma, na ya kweli. Aliyeandika na akakataliwa anajua uchungu ule. Mimi mwenyewe nina faili zima la kukataliwa. Lau angeishia hapo ningemshika mkono. Lakini alifungua kompyuta yake iliyokuwa mezani tayari, na nikaelewa kwamba kukaribishwa kwangu kulikuwa na ajenda.

"Nimeandika nyingine," akasema. "Inaitwa Mkono wa Rehema. Ikitoka mwezi ujao, mimi sina neno na mtu. Peres abaki, hadithi yake ibaki, Desemba mje kama kawaida. Tumalize haya mambo kinyumbani."

Niliisoma pale pale. Ilikuwa ya bibi tajiri na mwema anayemchukua msichana wa kazi asiyejua lolote, anamfundisha kusoma, na msichana analia kwa shukrani ukurasa wa pili, wa nne na wa sita. Jina la msichana ni Rehema. Mikono yangu ilitaka kuitupa kompyuta ile kwenye bwawa la samaki lililoonekana dirishani. Ukarimu wa namna hii, wa kumpora mtu kisha ukaandika kwamba umempa!

Halafu nikamkumbuka Peres na leso yake mapajani, na mtoto wa Grade Nine. Nikajiambia hadithi moja mbaya haijawahi kuua jarida. Nikajiambia mengi, na yote yalikuwa na sauti ya Were. Mwishowe nikasema sawa. Mimi, Mukonyo, niliyekwenda pale kuwasha moto, nilisema sawa, nikanywa na chai.

Sheria tuliitimiza kwa nje. Ivyne aliifuta jina, akaipa nambari saba, ingawa sisi watatu tulijua. Were alipiga ndiyo, akaandika sababu: Inakubalika. Ivyne alipiga ndiyo bila sababu. Aliniambia amehesabu koma arobaini na moja mbaya na hatagusa hata moja, zibaki ziwe ushahidi. Mimi nilipiga ndiyo nikaandika: Ina mafunzo. Nitaulizwa neno hilo siku ya kiyama.

Kura tatu zilitosha. Msomaji wa nne, kwa zamu, alikuwa Peres, na niliamua kumruka. Nilidhani namhurumia. Lakini Jumatano akaniandikia: "Dada, habari ya kazi. Zamu yangu ya kusoma imefika na sijatumiwa kitu." Nikamjibu kwamba mwezi huu mambo yamebanana, apumzike tu. Akarudi mara moja: "Kila aliyechapishwa anasoma. Mliniambia hivyo. Ama mimi sisomi?"

Nilimtumia nambari saba, bila jina, nikajidanganya kwamba labda hataitambua.

Ijumaa karibu na saa sita nilikuwa kazini, napiga chapa hati ya kiapo ya mtu na shamba lake, simu ikalia mlio wa fomu. Nikafungua. Peres alikuwa ameandika maoni marefu kuliko yoyote tuliyowahi kupata, kwa Kiswahili kilichonyooka.

"Nambari saba. Mwandishi huyu anajua kueleza nyumba. Zulia nimeliona, mapazia nimeyaona, na ile sehemu ya mvua inagonga dirisha ni nzuri, asiitoe. Lakini Rehema yumo kwenye kurasa sita na neno lake ni moja tu, asante. Ukurasa wa nne anapewa kitabu cha kwanza maishani mwake, naye ana miaka thelathini. Hatuambiwi alikotoka alikuwa nani, au kama ndani ya begi lake alikuja na kitabu chake mwenyewe. Bibi wa nyumba hajamuuliza, na mwandishi pia hajamuuliza. Nadhani akimuuliza, hadithi itakuwa nzuri sana. Kura yangu ni hapana. Airudie."

Niliisoma mara mbili. Hakukuwa na kejeli hata chembe. Mwanamke aliyetishwa kufukuzwa kazi alikuwa amemsomea mwajiri wake kwa uangalifu ambao mimi mhariri sikumpa, akamtafutia hata sentensi ya kusifu. Mimi nilikuwa nimempa Carolyne ndiyo ya dharau. Peres ndiye aliyemheshimu.

Kisha ukaja ujumbe mwingine, wa WhatsApp, wa kwangu peke yangu.

"Dada Mukonyo, Madam aliniambia jikoni vile mmeelewana. Alifurahi sana, akanipa na nguo zake mbili. Mimi sikulala vizuri. Hadithi yangu mliisoma bila kujua mimi ni nani, na ndiyo maana siku ile kura zenu za ndiyo zilipofika nilijifungia nikacheka peke yangu. Mngeiondoa ningevumilia, kwa sababu ningejua iliingia yenyewe. Lakini hii ya Madam ikiingia kwa ajili yangu, kesho mtu akiuliza yangu iliingia kwa ajili ya nani, mtamjibu nini? Mmeuza kitu changu kimoja tu nilichokuwa nacho, na hamkuniuliza."

Nilikaa pale na vidole juu ya mashine. Wakili wangu alipita akaniuliza kama hati iko tayari, nikamwambia bado, kwa sauti iliyomfanya arudi ofisini kwake. Hasira yote niliyokuwa nimembebea Carolyne wiki mbili ilikuwa imempata mwenyewe. Carolyne alitaka hadithi yake itoke, tamaa ya kila mwandishi. Mimi ndiye niliyekuwa na sheria mkononi. Mimi ndiye niliyechimbua mbwa wa jirani kutoka kinywani mwa mtu aliyetaka kunyamaza, kwa sababu ilipendeza, na kilipochimbuka cha kumdhuru nikaenda kumlipia kwa heshima yake mwenyewe, nikaiita hiyo huruma. Watu kama sisi tunaoshika mlango ndio wa kuogopwa, kwa sababu tunajiona wazuri.

Fomu ilionyesha ndiyo tatu na hapana moja. Kwa sheria zangu nambari saba ilikuwa imepita. Niliirudia kura yangu nikaibadilisha kuwa hapana, na penye sababu nikaandika: Nakubaliana na msomaji wa nne. Haikupita dakika, ndiyo ya Ivyne nayo ikageuka. Ya Were ilikawia mpaka kengele ya chakula shuleni kwake, halafu ikageuka pia, na penye sababu akaandika neno moja: Samahani.

Nikaandika barua ya kumrudishia Carolyne hadithi yake. Hii haikuwa na maneno yale yetu laini ya "kwa sasa" na "hatukuweza". Nilimwandikia kwamba mapatano tuliyofanya sebuleni kwake yalikuwa makosa yangu na nimeyavunja, kwamba hadithi ya Awiti itakaa pale ilipo au iondoke, kama mwenyewe atakavyo, na kwamba Desemba tutatafuta mahali pengine, hata kama ni chini ya ngazi. Kisha, kama ilivyo desturi, nikaambatanisha maoni ya msomaji wa nne, yote, bila kupunguza neno. Nilibonyeza kabla sijapata muda wa kuwa na busara.

Kisha hofu ikanishika. Barua inafika sasa hivi, nikawaza, na Peres yuko jikoni pale, mita chache kutoka kwenye simu ya Carolyne. Kwa mara ya pili nilikuwa nimefanya jambo la haki kwa mgongo wa mtu mwingine. Nikampigia simu.

"Peres, nimebadilisha kura. Nimeirudisha. Ameshatumiwa barua. Sikiliza, panga vitu vyako, kwangu kuna chumba, nachukua ruhusa nakuja hapo getini saa hii kabla hajaisoma."

Nyuma yake nilisikia magari, honi, na mtu akitangaza bei ya ndizi.

"Usije Lavington, Dada," akasema. "Mimi niko hapa Dagoretti Corner na mabegi yangu tangu saa tatu."

"Amekufukuza?"

"Hapana. Nilimuaga vizuri, nikamrudishia na zile nguo." Honi zikapita. "Nilitaka kusoma hiyo hadithi nikiwa si mtu wake. Kwa hivyo nilitoka kwanza, ndiyo nikapiga kura."